Kibati Namba 417

Masanduku yote ya mifupa yalikuwa yamepangwa mezani, isipokuwa namba 417. Hilo lilibebwa na wanaume wawili, likaingizwa chumba cha nyuma, na mlango ukafungwa.

"La kwetu limefanya nini?" bibi akauliza.

"Labda wanabandika karatasi tu," mjukuu wake akasema. Alikuwa muuguzi, alizoea kuwapoza watu. Bibi hakupoa.

Ukumbini familia nyingine zilikuwa zikiitwa mojamoja, zikitia saini na kuondoka na mtu wao. Miaka sabini na minane watu hao walikuwa chini ya ardhi. Mgodi ulipoporomoka, wakoloni wenye kampuni hawakujisumbua: kufukua ni kazi, saruji ni rahisi. Wakaziba shimo, wakachimba lingine pembeni, na treni ya madini haikuchelewa hata siku moja. Majina hawakuandika. Kila mchimbaji alikuwa na kibati cha shaba chenye namba, kimefungwa kwa waya mkononi. Asubuhi msimamizi alihesabu vibati. Sura za watu zilikuwa hazimhusu. Kibati kisiposhuka mgodini, mwenyewe alichapwa viboko, na familia yake ikatupwa nje ya kambi siku hiyohiyo, awe na mtoto mchanga asiwe naye.

Mwaka huu wachimbaji wapya walitoboa ukuta wakakutana nao.

417 ilikuwa namba ya baba yake bibi. Yeye mwenyewe alikuwa na miezi minne ajali ilipotokea. Shangazi yake, dada wa baba, ndiye aliyemlea na ndiye aliyemsimulia, mara mia moja bila kubadili neno: baba yako wiki ile alikuwa hoi kwa homa, hata kijiko kilimshinda kushika, lakini kibati kilikuwa lazima kishuke. Na mama yako? Mama yako siku hiyohiyo alitoroka na dereva wa lori, akakuacha unalia kitandani.

Ndiyo maana bibi hakuwahi kumtaja mama yake kwa jina. Alisema "yule mwanamke", basi. Alikuwa na watoto sita na wajukuu kumi na tisa. Wavulana watatu walipewa jina la baba yake. Jina la yule mwanamke hakupewa mtu, na binti yake mmoja aliyethubutu kulipendekeza alikiona cha mtema kuni.

"Wakisema hayumo je?" bibi akanong'ona.

"Atakuwemo, bibi."

"Watu walisema, ujue. Eti hakufa. Eti alionekana mji wa pili akiuza mkaa. Shangazi aliwatukana mpaka wakanyamaza. Kama hayumo, basi walinitupa wote wawili. Miaka yote hii nina mzazi mmoja tu wa kujivunia. Wakininyang'anya huyo, mimi nitakuwa nani?"

Nyumbani kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na ndugu walikuwa wameshaanza kufika.

Mlango ukafunguliwa. Mtaalamu wa mifupa, bwana mmoja mrefu mwenye miwani, aliwaita ndani. Sanduku lilikuwa juu ya meza, limefunguliwa. Bibi alisimama mbali nalo.

"Kibati kipo?" akauliza hata kabla ya salamu.

"Kipo, bibi. 417. Waya bado umezunguka mkono."

"Nilisema!" Bibi alipiga makofi, machozi yakamtoka, akacheka palepale. "Si nilisema? Hakunitupa! Hebu piga simu nyumbani, uwaambie tunakuja naye."

Mjukuu alishatoa simu. Kisha akamtazama mtaalamu, akairudisha mfukoni taratibu.

"Kaa kwanza, bibi," mtaalamu akasema.

"Kukaa nimekaa miaka sabini na minane. Sema."

Mtaalamu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Ilionekana wazi kwamba kazi hii hakuwa ameiomba.

"Kule chini ni kukavu, hata nguo zimebaki. Suruali ni ya mwanaume, lakini ilimpwaya, ikafungwa kwa kamba. Kifuani alikuwa amejifunga kitambaa. Amekizungusha mara nyingi, amekikaza sana. Nilishangaa, kwa hiyo nikaangalia mifupa ya nyonga. Nimeiangalia mara tatu, bibi, nisije nikakosea."

"Ukaona nini?"

"Huyu si mwanaume. Ni mwanamke, bado kijana, miaka kama ishirini hivi."

Bibi alisogea mpaka mezani, akatazama ndani ya sanduku kwa muda mrefu, kisha akaanza kuvua mtandio wake.

"Nisaidieni," akasema. "Nimfunike mama yangu."