Nakshi ya Pembeni

Mwanamke alilitua jiliwa mezani kwa kishindo, na fundi wa vibao akauvuta mkono wake kama aliyeguswa na nyoka.

"Samahani, fundi. Zito kama dhambi."

"Si kitu, dada. Chuma hunishtua."

Lilikuwa jiliwa la zamani, la kubania vyuma. Mume wa mwanamke alikuwa amelilaza kwenye mafuta ya taa, akalikwangua kutu na kulipaka rangi ya kijani, na sasa taya zake zilibana kama jipya. Kibao cha jina tu ndicho kilichokosekana. Palibaki matundu ya skrubu.

"La baba hili," alisema. "Vifaa vyake vyote tunavifufua, kimoja kimoja. Kiharusi kimemchukua ulimi na miguu, na macho yalishakufa zamani. Amebaki na kidole gumba. Ukimpa kifaa, anatafuta kibao chenye jina lake. Akikikosa, anakisukuma kifaa."

"Anasoma kwa kidole?"

"Baba? Mchonga mihuri yule! Herufi za kinyume alizisoma gizani. Vijana wake wa kazi wote aliwafundisha hivyo hivyo, macho yamefumbwa. Mimi nikiziona napata kizunguzungu tu."

Fundi akatabasamu. Akamwuliza mzee alikuwa mtu wa namna gani, maana jina la mtu, alisema, halichongwi kama bei ya sukari.

"Mkali, lakini ana utani wake. Alikuwa anaongea na vyuma! Sisi watoto tuko upande wa pili wa ukuta, tunasikia jiliwa linalia kwi, kwi, naye analiambia, 'Ukilia, nakaza.' Basi tunacheka mpaka tunashika mbavu."

"Mcheshi kweli," fundi alisema.

"Na kidole chako hicho? Mashine?"

Fundi alikitazama kisiki cha kidole kana kwamba ndiyo kwanza akione. "Utoto, dada. Kilikaa pasipo pake."

"Pole."

"Nimeshapoa."

Hakuuliza kibao kilikuwa na ukubwa gani. Alikata shaba, akaandika jina la mzee kwa rangi ya mafuta, akaizungushia nakshi nyembamba, kisha akaitumbukiza kwenye tindikali. Pasipo na rangi paliliwa. Penye rangi palibaki pameinuka. Akakisugua kibao mpaka kikang'aa, akafumba macho, akakipitishia kidole gumba taratibu, ukingo mzima.

Mwanamke alipokuja kukichukua alipiga vigelegele palepale mlangoni.

"Chenyewe! Hata pembe za mviringo! Umejuaje?"

"Vya zamani vyote ndivyo vilivyo."

"Ila hii nakshi haikuwepo."

"Hiyo zawadi yangu kwa mzee. Mwambie atulie nayo, asiipite haraka."

Siku chache baadaye mwanamke alirudi na randa chini ya kwapa, uso umechangamka.

"Fundi, Mungu akuweke! Tangu tumempa lile jiliwa haliachi. Anapapasa jina, anapapasa nakshi, anazunguka na kidole mpaka mwisho, halafu anaanza upya. Na machozi yanamtoka."

"Analia?"

"Kama mtoto mchanga! Mume wangu anasema tuliondoe, mzee anateseka. Nikamwambia, wewe mwanamume unajua nini? Hiyo ni furaha. Mtu amekutana na ujana wake."

"Usiliondoe."

"Thubutu! Liko hapo hapo ubavuni mwake."

Fundi alilipokea randa kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayepokea mtoto. "Lete na vingine, dada. Tupa, tindo, nyundo, vyote. Tena kibao kimoja nitakutengenezea cha kitanda. Ukipigilie ubavuni, mkono wake ufike hata usiku."

Mwanamke akajifuta macho kwa pembe ya khanga. "Watu kama wewe hawapo tena."

"Tupo, dada. Ametulea yeye."

Alipoondoka, fundi alikata kipande kingine cha shaba, akaandika jina la mzee katikati, kubwa, zuri, la kusomeka na kila mtu. Kisha akachukua brashi nyembamba kuliko zote, akaanza nakshi ya pembeni, kutoka kulia kwenda kushoto, herufi baada ya herufi, zote kinyume, maneno yale yale ya kwenye jiliwa: Ukilia, nakaza.