Picha ya Mkono

"Sheria inampa nafasi ya kuomba kibali cha kuishi nchini mtu aliyekaa hapa miaka kumi," wakili alisema. "Lakini lazima alete ushahidi wenye tarehe. Una nini, fundi?"

Miaka kumi na mmoja fundi huyo wa vigae alikuwa akikwepa kuandikwa popote, na leo anaulizwa ameandikwa wapi.

Mkewe ndiye aliyefungua mkoba akatoa bahasha kubwa. Ndani mlikuwa na picha ya eksirei ya mkono, aliyopigwa fundi hospitalini mwaka ule alioangukiwa na boksi la vigae.

Wakili aliiinua dirishani. Mifupa ya kiganja ilionekana myeupe, kidole cha mwisho kimepinda kama ndoano.

"Tarehe inatosha kabisa. Ila hili jina lililoandikwa hapa ni la nani?"

Fundi alimtazama mkewe. Angeweza kusema ni picha ya rafiki, wakaondoka salama kama walivyokuja.

"Ni mimi, mama," alimwambia wakili. "Niliogopa, nikadanganya jina."

Wakili hakukasirika. Alisogeza kiti karibu, macho yamemchangamka kama mtu aliyetegewa kitendawili.

"Haya, jina si lako. Mifupa je?"

"Mifupa ni yangu."

"Hebu lete mkono."

Fundi aliulaza mkono juu ya picha. Mkewe akainuka kuchungulia. Kidole cha mwisho kilipinda palepale kilipopinda kwenye picha, kwa upande uleule.

"Kaa hivyohivyo," wakili alisema, huku akitafuta kwenye simu namba ya daktari wa mifupa wa kuthibitisha.