Siku ya Thelathini na Nane

Sheria ilikuwa moja: aliyezibwa jeraha la moyo kwa jeli ya dawa asipewe habari ya msiba kwa siku arobaini. Moyo ukienda mbio, jeli huyeyuka kabla haijashikamana na nyama.

Siku ya thelathini na nane tangu azibwe jeraha lake, Shemweta alimuuliza mkewe Tunu, "Mama Zena, mbona kaka yangu hapigi simu?"

"Yuko safarini," alijibu Tunu, akichambua mchicha bila kuinua macho.

"Mlimzika Jumanne. Niliwasikia majirani wakikupa pole hapo nje."

Tunu aliuacha mchicha, akamkimbilia na kumwekea kiganja kifuani.

"Usinilize," Shemweta alinong'ona. "Zimebaki siku mbili tu."

Tunu akakimeza kilio chake. Chini ya kiganja, mapigo yalianza kuongezeka.