Jumanne ya Makame

Ijumaa asubuhi Mwanakheri alifungua kompyuta iliyoletwa kutoka kwa mke mwenzake, kumpokea mumewe. Makame alikufa mwaka juzi, lakini siku hizi marehemu huendelea kuongea kutoka ndani ya mashine pepe ya Linux, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta, na leseni huruhusu nyumba moja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wake zake wawili walibaki na zamu zao zilezile: siku tatu kwa Salme, siku tatu kwa Mwanakheri.

Leo skrini ilikataa. "Leseni haikuamilishwa. Saa ya mashine hailingani."

Aliandika amri ya kuangalia tarehe. Ndani ya mashine ilikuwa bado Jumanne.

Akampigia simu mke mwenzake. "Salme, umeichezea saa ya Makame?"

Salme akaanza kulia. "Nisamehe, Bi Mkubwa. Nilikata mtandao, nikawa nairudisha saa hadi Jumanne kila alfajiri. Jumanne aliniita kwa jina langu. Siku nyingine zote huniita Mwanakheri."

Mwanakheri alikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Akayameza, akaaga. Alirekebisha saa, akarudisha mtandao, akaomba leseni upya. Safari hii ikakubali.

"Salme?" Makame aliita kwa sauti ile ya usingizi aliyoizoea Mwanakheri miaka yote ya ndoa. "Umeamka, mke wangu?"

Chai ilikuwa inapoa mezani, vikombe viwili kama kawaida.

"Nimeamka," Mwanakheri akajibu, akijitahidi kulainisha sauti kama ya Salme.