Vijidudu Vinavyopanda Bomba

Mtaa huu hakuna anayeyajua maji kunishinda mimi, niliyeishia darasa la nne, tena nikalirudia. Bombani wametuwekea vijidudu: vikionja ugonjwa hupanda hadi kwenye tangi kuu kusema, na mgonjwa huchukuliwa, harudi. Basi kila nikimwosha na kumnyoa bombani mume wangu mgonjwa, Mzee Hizza, nilifungulia maji kwa nguvu yavisombe. Kumbe vyenyewe hujibana ukutani mwa bomba, ambako maji huenda kivivu, vikapanda zao.

Leo bwana afya kapiga hodi.

"Bibi, nani mgonjwa?"

"Mimi, mwanangu. Naishi peke yangu. Nichukue."

Nikakohoa vizuri, hata mwenyewe nikajihurumia.

Akatazama karatasi yake. "Bibi, vijidudu vimeonja ndevu."

Nikajipapasa kidevu.