Kaa na Njia ya Majongoo

Zamani hizo wanyama walipokuwa wakifanya biashara, bwana wa bandari alikuwa Kaa, tena mchoyo. Kila mzigo ulioshuka alijikatia fungu, na wageni walipopungua aliliongeza fungu lenyewe. Mwishowe bandari ikabaki na upepo tu, naye Kaa akawa analala njaa.

Siku moja akaja Jongoo kutoka bara. Nyuma yake ndugu zake walikuwa wameunga mstari mpaka vilimani, wamebeba ufuta na ndizi.

"Bwana Kaa, njia yetu imefika mlangoni kwako," alisema. "Futa ushuru, mizigo ipite bure. Ukikataa, tutaipindisha njia iende bandari ya jirani, kwa Kasa."

"Nikifuta, nitakula nini?"

"Kwani sasa unakula nini, bwana?"

Kaa akakubali kwa uchungu, akajifungia shimoni akijihesabu maiti.

Asubuhi makelele yakamtoa nje. Habari ya kufutwa ushuru imeenea, pwani imefurika! Pweza kaleta chumvi, Tumbili kaleta maembe, wanabadilishana kwa vicheko. Ila jua lilikuwa limeanza kuwaharibia matunda.

"Bwana Kaa, shimoni kwako kuna ubaridi," Tumbili alimsihi. "Tuhifadhie, nasi tutakulisha."

Kaa akahifadhi, shimo likajaa. Akachimba jingine, nalo likajaa. Siku hiyo alikula akashiba, akasaza.

Jongoo alipokuja kuaga, alimkuta mchanga umemjaa mpaka machoni.

"Umechoka, bwana?"

"Hoi!" Kaa akacheka. "Waambie wa bara kesho waje wote!"