Udongo wa Aikande

Siku walipomzika Aikande, kila mwombolezaji alitupa udongo kaburini isipokuwa dada yake, Ndeshi. Wa kwake aliufumbata mkononi mpaka maabara anakofanya kazi.

Bakteria wa udongo ule walinenepa kwenye kisahani, wakastarehe, hawana habari na mtu. Ndeshi alijua kwamba ndani ya jeni zao imelala dawa ambayo hawaitengenezi mpaka waguswe pabaya. Basi akawanyima chakula, kisha akawaletea jirani: kijidudu yuleyule aliyetolewa kwenye kidonda cha Aikande, aliyezicheka dawa zote za hospitali.

"Dada, huyo si wa kuchezea," alisema Mangesho, mwenzake wa maabara. "Tumchome moto yaishe."

"Moto ni huruma. Nataka aliwe polepole, huku namwona."

Asubuhi hii aliinua kisahani kwenye mwanga. Kuwazunguka wale bakteria wa kaburini kulikuwa na duara tupu, safi kama kioo. Humo adui hakubaki hata mmoja.

"Wameamka!" Mangesho alipiga makofi. "Dada, hii ni dawa! Ngoja niwaite wakubwa."

"Waite baadaye."

Ndeshi alifungua chupa alimomfuga muuaji wa mdogo wake, akachovya kijiti, akapaka wengine wabichi ukingoni mwa duara.

"Bado nyie," aliwaambia.

Kisha akavuta kiti, akaketi na kukunja mikono, kama mtu aliyefika mazishini mapema.